Premio ya Mwalimu: malengelenge ya boneti yaliyotupeleka mpaka kisimani

Gari liliingia gereji Jumatatu asubuhi, tope la Kigamboni bado bichi kwenye matairi. Ni Toyota Premio ya mwaka 2006, rangi ya fedha. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu aliyelinunua kwa mtu hapa hapa Dar es Salaam, miezi saba kabla.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Mafundi wawili wameniambia gari lote lipigwe rangi upya. Nimekuja unitazamie kabla sijagusa kiinua mgongo changu."

Malalamiko yake yalikuwa manne. Boneti ilikuwa imetoa malengelenge madogo madogo, mengine kama punje za ulezi, mengine makubwa kidogo. Paa lilikuwa linabanduka magamba. Mlango wa nyuma kushoto ulifanana na wenzake asubuhi, lakini jioni jua likilala ulionekana kama wa gari jingine. Na mwili mzima ulikuwa na ukungu, pamoja na madoa meupe ya mviringo yaliyofifia gari likiwa limelowa na kurudi pale pale likikauka.

Ukilitazama kwa haraka utasema ugonjwa ni mmoja: rangi imezeeka, ipigwe upya. Ndivyo walivyosema wale mafundi wawili. Mimi nimeshapoteza kazi nzuri za watu kwa kukimbilia bunduki ya rangi kabla ya kujua ninachokifunika, kwa hiyo siku hizi sishiki hata msasa mpaka nijue kila doa linakaa tabaka gani. Hilo ndilo swali pekee lililolitibu gari hili, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu naona magari mengi mazuri yanapakwa rangi mbaya juu ya rangi nzuri.

Rangi ya kiwandani ina tabaka nne. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu ambalo gari huvishwa kwa umeme likiwa limezamishwa zima kwenye beseni, kama mikroni 20 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Juu yake kuna praima, rangi ya msingi, mikroni 30 hivi. Halafu rangi yenyewe, ambayo ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani, mikroni 15 hadi 20. Juu kabisa ni klia, ngozi angavu isiyo na rangi, mikroni 35 hadi 50, na hiyo ndiyo inayong'aa na ndiyo inayopambana na jua. Toyota ya Japani ya miaka ile hukupa jumla ya mikroni 90 hadi 130. Unywele wa mtu una kama 70. Yaani ngozi yote inayolinda bati haifiki nywele mbili zilizolaliana.

Sasa doa linaweza kuwa limekaa juu ya klia, limeingia ndani ya klia, liko chini ya klia, au linatoka chini kabisa kwenye bati. Madoa ya maji yanayofutika kwa siki na madoa ya maji yaliyokula klia yanafanana kabisa kwa macho. Lengelenge la kutu na lengelenge la maji yanafanana pia. Ukikosea tabaka, dawa yako inakuwa ugonjwa mpya.

Kuosha, kupapasa, kupima

Tuliliosha kwa shampoo ya magari na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, kivulini. Halafu nikavaa kipande cha nailoni laini mkononi na kupapasa kila sehemu. Nailoni huongeza hisia: mchanga uliogandia, utomvu, vumbi la rangi lililorushwa na jirani anayepuliza geti, vyote unavisikia kwenye vidole kabla hujaviona. Boneti na buti zilikuwa kama msasa. Tulipitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi, ule unaofinyangwa kama unga wa ngano na kusuguliwa kwa maji ya sabuni, mpaka pakawa laini. Hapo ndipo macho yanapoaminika.

Kisha nikatoa kipima unene. Kwenye bati la chuma hufanya kazi kwa sumaku, kwenye aluminiamu kwa njia nyingine ya umeme, na jibu hutoka kwa mikroni. Nilipima kila kipande sehemu sita. Fenda ya kushoto 104 hadi 112. Mlango wa mbele kushoto 108 hadi 115. Buti 110 hadi 118. Hivyo ni vya kiwandani, hakuna ubishi. Fenda ya mbele kulia 210 hadi 225, imelingana kila mahali. Boneti 260 hadi 340. Mlango wa nyuma kushoto 230 juu, lakini chini ya kitasa ukaruka mpaka 870. Paa 84 hadi 92, na pale palipobanduka 58.

Asiye na kipima atumie sumaku dhaifu, kama zile zinazobandikwa kwenye friji, aifunge kwenye kitambaa chembamba. Penye puti nene, ule udongo wa kujazia mabonde, itateleza. Haitakupa namba, ila itakuonyesha pa kutilia shaka.

Mwalimu ni mtu wa kutunza karatasi. Alikuwa na bahasha ya kahawia aliyorithi kwa mwenye gari wa mwanzo, na ndani yake karatasi ya mnada wa Japani. Wengi huzitupa. Karatasi ile ina mchoro wa gari lililokunjuliwa, na herufi zinazoonyesha kasoro za kila sehemu: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni alama ya ukarabati, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa, na namba inayofuata huonyesha ukubwa. Kwenye fenda ya mbele kulia kulikuwa na W1. Mlango wa nyuma kushoto ulikuwa na A1, mkwaruzo mdogo tu. Boneti haikuwa na kitu.

Basi historia ikajipanga yenyewe. Fenda ya kulia ilipakwa Japani kabla ya mnada, ikapakwa vizuri, na hakuna aliyewahi kuitambua. Mlango na boneti viliguswa baada ya gari kufika kwetu. Na paa halijawahi kupakwa, ila lilikuwa jembamba kuliko ndugu zake, maana yake kuna mtu alilisugua mara nyingi akitafuta mng'aro.

Kurudiwa rangi si aibu. Fenda ile ina miaka mingi na bado inakaa sawa na mwili wa gari. Kwa hiyo nikiambiwa "gari hili limepigwa rangi" sishtuki. Nataka kujua limepigwa vipi.

Boneti

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa kutu. Gari linalala Kigamboni, upepo wa bahari, malengelenge: nani asingesema kutu? Lakini kutu ina tabia zake. Huanzia ukingoni, kwenye mkunjo wa bati, au pale kokoto ilipopiga ikatoboa. Hukua bila mpangilio, na mara nyingi huacha rangi ya chai pembeni. Malengelenge haya yalikuwa katikati ya boneti, mbali na ukingo, na nilipoinamisha tochi ya simu ikamulika kwa ubavu nikaona yamejipanga. Yalikuwa kwenye mistari ya pinde, pinde baada ya pinde, kama alama za mtu anayefuta ubao.

Nilipokuwa bado nimeinama, Mwalimu akasema neno ambalo hakujua lina uzito: "Masika yalipokuja yalivimba. Kiangazi yakalala, nikadhani yamepona."

Kutu hailali. Kinachovimba na kulala ni maji.

Nikachukua sindano, nikapasua lengelenge moja polepole. Likatoka tone safi. Nikakwangua ngozi ya juu: chini yake kulikuwa na puti ya kijivu, kavu, bila hata chembe ya rangi ya chungwa. Nikapasua jingine, na jingine, mpaka kumi na mawili. Yote yalikuwa hivyo hivyo. Vitone nilivikusanya kwenye kipande cha kioo nikakianika juani. Vilipokauka viliacha alama nyeupe ya duara. Mwalimu alikuwa na dumu la maji ya nyumbani kwenye buti, maji ya kisima kirefu. Nikadondosha tone lake kando, na tone la maji ya mvua kutoka pipa letu. La mvua liliondoka bila kuacha kitu. La kisima liliacha duara jeupe, nene zaidi ya lile la kwanza.

Tukampigia simu aliyemuuzia. Mtu muungwana, hakuficha. Boneti iliwahi kubonyea, akamwita fundi nyumbani kwake, mtaa wa jirani na kwa Mwalimu. Fundi alinyoosha, akapaka puti, akaisugua kwa msasa wa maji. Maji yalitoka wapi? Kisimani, hapo uani.

Visima vingi vya pwani vina chumvi, na anayeoga maji hayo anajua sabuni inavyogoma kutoa povu. Fundi alipolowesha msasa kwa maji yale, kila mzunguko wa mkono uliacha chumvi kidogo kwenye puti. Zaidi ya hapo, puti ya poliesta hunywa maji kama sifongo. Ndiyo maana huwa inasuguliwa kavu. Akafunika kwa praima, rangi na klia, gari likang'aa, likauzwa. Lakini rangi si kioo. Hupitisha mvuke wa maji kidogo kidogo. Chumvi iliyonaswa chini huuvuta ule mvuke, maji yanakusanyika pale pale ilipo chumvi, na kwa kuwa hayana pa kutokea yanainua ngozi. Hewa ikikauka yanarudi nje taratibu, lengelenge linalala. Msimu ukirudi, nalo linarudi. Pinde nilizoziona zilikuwa alama za mkono wa fundi yule.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu dawa iliyokuwa imependekezwa, kupiga rangi juu, isingefika popote. Chumvi ingebaki chini, na masika yanayofuata Mwalimu angekuwa na malengelenge mapya chini ya rangi mpya. Jasho la kiganja hufanya vivyo hivyo. Ukimwona mtu anaegemeza mkono mtupu kwenye bati lililosuguliwa tayari kwa praima, mwondoe kwa upole, na upafute tena.

Maji ya kisima tena, kasoro nyingine

Madoa meupe ya mwili mzima yalikuwa rahisi kuelewa baada ya hapo. Gari lilikuwa linaoshwa kila Jumamosi kwa maji ya kisima, juani, bila kukaushwa. Tone linakauka, maji yanaondoka, madini yanabaki.

Jaribio lake ni siki. Changanya siki nyeupe na maji kiasi sawa, bati likiwa la baridi na kivulini, lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika mbili tatu, suuza. Ubavuni madoa yaliondoka yote, kwa hiyo yalikuwa yamekaa juu ya klia tu. Kwenye buti baadhi yaliondoka, baadhi yakabaki kama vishimo hafifu: hayo yalikuwa yameshaikwangua klia yenyewe, na siki haina kazi tena hapo.

Buti lilikuwa na kingine zaidi. Mwalimu huegesha chini ya mti wa mkungu, na kwenye mkungu wanalala kunguru, wale wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, wakaenea pwani yote. Kinyesi chao kikikaa mchana mmoja wa jua kinaumiza. Klia hulainika na kutanuka bati likipata moto, na usiku husinyaa ikifuata umbo la ule mgando ulioganda juu yake. Kilichobaki ni alama kama ramani, na kucha ikipita juu yake inashika. Mkwaruzo au shimo linaloshika kucha huwa limeingia ndani kuliko polishi inavyoweza kufika kwa usalama.

Na ukungu wa jumla ulikuwa mikwaruzo myembamba ya duara, maelfu yake. Sabuni ya unga ya kufulia, kitambaa kile kile cha kufutia matairi, na zaidi ya yote ule utaratibu wa asubuhi wa kulifuta gari vumbi kwa kitambaa kikavu. Vumbi ni mchanga. Ukimwagia maji sehemu yenye mikwaruzo hiyo na mikwaruzo ikapotea macho yako yakiwa pale pale, ujue imo ndani ya klia na mashine itaimaliza.

Paa, na ushauri wa jirani

Jirani wa Mwalimu alikuwa amemhakikishia kuwa paa litapona kwa kompaundi, dawa ya kusugulia rangi, kwa sababu la kwake lilipona. Nikamuuliza gari la jirani ni la rangi gani. Jeupe, Toyota pia. Huenda kibati chake cha msimbo wa rangi kinasomeka 040, weupe wa Toyota ambao kwenye magari mengi hauna klia juu: rangi yenyewe ndiyo inayong'aa. Ikiunguzwa na jua huwa kama chaki, ukiisugua chaki inatoka, chini kuna rangi nzuri, na kitambaa kinageuka cheupe. Jirani hakudanganya.

Premio hii kwenye kibati, mbele ya maandishi C/TR, imeandikwa 1F7. Hiyo ni fedha ya metaliki yenye klia. Klia ikishakufa na kuachia, hakuna kinachoweza kuirudisha. Hata hivyo nilifanya jaribio kwenye mraba wa sentimita 30, maana ni haki ya mwenye gari kuona kwa macho yake. Mashine ilipopita mara ya pili sponji ilianza kubadilika kuwa ya kijivu. Kwenye gari lenye klia, sponji ikichukua rangi ya gari ujue klia imekwisha na unakula rangi. Nikazima mashine. Mwalimu akaona, akatikisa kichwa, tukalifunga suala la paa: lipakwe upya, lote, kutoka kioo cha mbele mpaka cha nyuma. Premio ina mikanda ya mpira pande zote mbili za paa, na mpaka wa rangi unaishia mle ndani bila kuonekana.

Mlango

Mlango wa nyuma kushoto ndio uliokuwa na ubishi. Mikroni 870 ni puti, lakini bado haifiki hata milimita moja. Niligonga kwa kifundo cha kidole: sauti nzito lakini imara, hakuna mlio wa utupu. Hakukuwa na nyufa wala lengelenge. Ningeweza kuchimba mpaka kwenye bati na kumlipisha, ila sikuona sababu. Nilimweleza Mwalimu kuwa nauamini ukarabati wa chini, siamini rangi ya juu, na kwamba uamuzi huo una hatari ndogo ndani yake. Alikubali.

Kasoro ya rangi yenyewe ilikuwa ya mkono, mchanganyiko ulikuwa sahihi. Rangi ya metaliki ina vipande vidogo vya aluminiamu, na jinsi vinavyolala ndivyo rangi inavyoonekana. Ukipuliza mbichi mno, vipande vinazama na kusimama ovyo, rangi inaonekana nyeusi kidogo ukiitazama uso kwa uso, na inabadilika ukiitazama kwa ubavu. Ukipuliza kavu mno, vinalala juu na rangi inang'aa kupita kiasi. Fundi aliyepita alipuliza mbichi, na mabaka kama mawingu yalionekana wazi jioni. Kitu kingine alichokosea ni kuishia ukingoni mwa mlango. Fedha haikubali mpaka mkali. Lazima rangi ififishwe kuingia mlango wa mbele na ubavu wa nyuma, halafu klia ipigwe kwenye vipande vyote vitatu vizima, ili jicho lisipate mahali pa kushika.

Kazi

Kwa hiyo tulipaka boneti, paa na mlango pamoja na majirani zake wawili. Fenda zote mbili, milango ya kulia, buti na ubavu wa kulia havikuguswa na bunduki. Gharama ilifika chini ya nusu ya aliyokuwa ametajiwa.

Boneti tulivua mpaka bati tupu, mbele na pembe zote, hatukuacha hata kisiwa cha puti ya zamani. Bati lilikuwa zima, halina kutu, jambo lililonifurahisha kuliko yote. Tulilifuta mara tatu kwa maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri, tukakausha kwa hewa, kisha dawa ya kuondoa mafuta kwa vitambaa viwili: kimoja kinapaka, kingine kikavu kinapokea kabla dawa haijakauka. Ukitumia kimoja unasambaza mafuta tu. Praima ya epoksi ilipulizwa siku hiyo hiyo, maana bati tupu kwenye unyevu wa pwani halilali salama hata usiku mmoja. Puti kidogo ikaja juu ya epoksi, ikasuguliwa kavu, msasa namba 80, 180, 320 kwenye kibao kirefu. Praima ya kujaza, vumbi jeusi la kuongozea, namba 400, kisha 600. Vumbi lile jeusi likibaki mahali ni bonde. Likifutika lote, umenyooka.

Tulipuliza saa nne asubuhi, baada ya umande kuisha na kabla joto la adhuhuri. Kompresa ilimwagwa maji kwanza. Kwa hewa ya Dar, tangi hukusanya maji kila siku na mtu asiyelimwaga anapuliza maji pamoja na rangi. Tina, kile kiyeyushi cha rangi, ilikuwa ya polepole. Tina ya haraka kwenye unyevu hupoza uso ghafla, mvuke wa hewani unageuka maji juu yake, na klia inatoka na weupe kama maziwa. Klia ilikuwa vipimo viwili kwa kimoja cha hadina, dawa ya kuikaza, kama kopo lilivyoagiza, kwa kikombe cha kupimia, si kwa jicho. Tulipiga mikono miwili, na dakika kumi katikati ili tina itoke. Anayeharakisha mkono wa pili anaifungia tina ndani, nayo baadaye inatoboa njia ya kutokea na kuacha vitundu.

Hadina ile ina isosianeti, kemikali inayoweza kumpa fundi pumu ya maisha. Nawaona vijana wanafunga fulana usoni wakipuliza klia, wakimaliza wanakunywa maziwa kusafisha kifua. Maziwa yanakwenda tumboni, hayafiki kwenye mapafu. Fulana haizuii mvuke. Barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ndiyo kinga ya kweli, na ni bei nafuu kuliko kifua.

Kwenye paa tulipata ajali. Rangi ya kwanza ilipotua ilijikunja na kuacha vishimo vya duara kando ya mikanda, macho ya samaki. Silikoni. Nikauliza, kijana wangu akasema ukweli: jana yake aliing'arisha mikanda ya mpira kwa dawa ya dashibodi, yenye silikoni, kabla ya kuiweka kando, na mikono ile ile ndiyo iliyoshika paa. Silikoni haifunikwi kwa kuongeza rangi juu, inazidi tu. Tulisimama. Tukaacha paa likauke mpaka kesho yake, tukalisugua upya, tukalifuta mara nne kwa vitambaa vipya, tukaosha mikono, tukaanza upya. Siku moja ilipotea. Dawa ile sasa haiingii chumba cha kupulizia.

Sehemu zisizopakwa zilikwenda kwa mashine: sponji, kompaundi, kisha polishi laini, kipande cha sentimita 50 kwa 50 kila mara. Nilikuwa napima kabla na baada. Fenda ya kushoto ilitoka 112 hadi 109. Mikroni tatu, ukungu wote ukaondoka. Kwenye buti, alama za kunguru nilizisugua kwa msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, kwa maji ya mvua, halafu mashine. Nyingi zilikwisha. Mbili zilibaki kama kivuli ukizitafuta. Nilipima, nikaona nimeshachukua mikroni sita pale, nikaacha. Mwalimu aliniuliza kwa nini nisizimalize, nikamwambia zikiisha na klia itakuwa imeisha, na jua litafanya kwenye buti lilichofanya kwenye paa. Alipitisha kidole juu yake, akasema, "Basi ziache. Zitanikumbusha mkungu."

Alirudi masika yaliyofuata, katikati ya Aprili, kukiwa kumenyesha siku tatu mfululizo. Hakuwa na lalamiko. Alitaka tu nitazame. Niliinamisha tochi kwenye boneti kwa ubavu kama siku ile ya kwanza, nikaipitia pinde kwa pinde. Ilikuwa laini. Mlango niliutazama jioni, jua likiwa limelala, nikashindwa kusema ulianzia wapi. Kwenye buti vivuli vile viwili vilikuwepo bado, lakini hakukuwa na kipya. Mwalimu akanionyesha picha kwenye simu: mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa la nyumba yake, na chini yake pipa la lita 200 lenye mfuniko, ndoo mbili zimepangwa kando.